Jumamosi moja tu Seoul: Insadong nile nini, nimbebee mama nini?

Mtu_wa_Pwani: Wakuu, salaam. Nipo Seoul kwa kozi, nimebakiza Jumamosi moja kabla ya kurudi Dar. Wenzangu wanakwenda Myeongdong kununua vipodozi. Mimi nataka mtaa wenye asili yao, nasikia Insadong. Tatizo, mimi Muislamu na huku kitimoto kinajificha hata usipokitarajia. Halafu mama kaagiza "kitu cha Korea kweli", si kikombe chenye bendera.

Kibonge_Msafiri: Panda treni laini namba 3, shuka Anguk, toka lango la 6. Wikendi magari huzuiwa kwa saa nyingi, unatembea katikati ya barabara kama mtaa wako. Hata kibao cha Starbucks pale kimeandikwa kwa Hangul, herufi za Kikorea. Ingia Ssamziegil: ghorofa zake zimeunganishwa na njia ya mteremko inayozunguka ua, unapanda huku ukichungulia maduka mpaka unajikuta juu.

Bi_Mdalasini: Mdogo wangu, kula hotteok. Ni kama andazi bapa, ndani shira ya sukari, mdalasini na karanga. Usiling'ate kwa pupa! Mimi shira ilinichuruzika hadi kidevuni, alama nikarudi nayo nyumbani. Kisha ingia nyumba ya chai uagize sujeonggwa, tangawizi na mdalasini, ila hunywewa baridi. Ukiizoea, jaribu chai ya omija. Jina lake maana yake ladha tano.

Kibonge_Msafiri: Umesahau kkultarae, peremende ya nyuzi. Jamaa anachukua donge gumu la asali, analichovya kwenye unga, analivuta na kulikunja mara 14 huku akihesabu kwa sauti: 2, 4, 8... mpaka nyuzi 16,384. Nyembamba kama nywele.

Tumbo_Halina_Likizo: Chakula cha kushiba kipo soko la Gwangjang, lilianza 1905, mwendo kama wa nusu saa kwa miguu. Kuna bindaetteok: choroko zinasagwa palepale kwa jiwe, zinakaangwa. Fikiria bajia yenye upana wa sahani.

Ustadh_Kijana: Taratibu mkuu, wengine huchanganya nyama ya nguruwe humo. Muulize muuzaji kabla: "dwaejigogi?", yaani nyama ya nguruwe? Akiitikia, songa mbele. Sundae usiiguse kabisa, ni utumbo uliojazwa damu. Tteokbokki, vipande vya unga wa mchele kwenye mchuzi wa pilipili, mchuzi wake mara nyingi ni wa dagaa, lakini pilipili nyingi za kopo za dukani zina pombe kidogo. Ukitaka kula bila kuuliza maswali, nenda Itaewon, karibu na msikiti.

Bi_Mdalasini: Na zawadi: pindua kitu uangalie chini, vingi vimetoka China. Chukua karatasi za hanji, zinatokana na gome la mti wa jamii ya mforosadi, au muhuri wa kuchongwa jina.

Mtu_wa_Pwani: Mrejesho wakuu. Bindaetteok ya kwanza ilikuwa na nyama, ya pili mama muuzaji akanionyesha beseni lake, choroko na mboga tupu. Nimekula mbili. Muhuri nimechonga, ila Wakorea hawana Z, kwa hiyo mama yangu Zuhura sasa ni Juhura. Nimempigia video kacheka mpaka kakohoa, akaniambia nirudi dukani, shangazi Fatuma naye anataka. Huyo kawa Patuma.