Mjadala: Wakala yuko kila kona, mkopo wa haki tuupate wapi?

Wadau wa Arusha na Moshi, naleta hoja hii tuijadili.

Wengi husema huduma ndogo za fedha zimeshatufikia. M-Pesa iliingia 2008, mawakala wa benki wakafuata, foleni za tawini zikapungua. Kwa kuweka na kutoa, sawa kabisa. Ila wakala hakopeshi.

Shemeji yangu anauza ndizi na parachichi soko la Tengeru. Mwaka jana alikopa 200,000 kwa kausha damu mmoja (mkopeshaji wa mtaani mwenye riba kubwa), arudishe 260,000 ndani ya mwezi. Kila jioni kijana anapita na daftari. Wiki ya tatu biashara ikadorora, wakaja kubeba godoro na jiko la gesi. Nilifika usiku ule nikakuta watoto wamelala kwenye mkeka. Na sheria ipo! Ukomo wa riba kwa wakopeshaji wasiopokea amana (wasiotunza akiba za wateja) ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 7,000 tu kwa mkopo ule, si 60,000.

Mikopo ya simu nayo siitetei. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Ukichelewa kidogo, jamaa zako wote wanatumiwa meseji kwamba wewe ni tapeli.

Mimi nasema nguvu ielekezwe kwenye vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ambavyo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua. Kikoba cha mama, Ngaramtoni, kina sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti. Ukiomba mkopo, wenzako wanajua genge lako linaingiza nini, na wanajua kama mtoto anaumwa. Benki iwafuate kwenye kikao, ilipitie daftari lao, iwakopeshe kama kikundi bila kudai hati ya kiwanja ambayo akina mama wengi hawana.

Rafiki yangu wa Kiborloni anapinga: sanduku huibwa, mweka hazina hutoroka, bora hela zote zikae kwenye simu. Hapo ana hoja. Akiba ikikua iende kwenye akaunti ya kikundi, kutoa mpaka watie saini watatu. Lakini kikao cha kila wiki kibaki, maana ndicho kinachomlinda anayekwama.

Mliowahi kukopa benki kama kikundi, semeni: mliombwa dhamana gani? Na mwenzenu aliposhindwa rejesho, mlifanyaje?