Naomba ushauri: nawafundishaje maafisa ajira wapya?

Wadau, habari za kazi. Tuna wakala mdogo wa ajira, bado mchanga kabisa. Tulikuwa wawili, sasa tumeongeza vijana watatu ambao hawajawahi kufanya kazi hii, na kuwafundisha kumeniangukia mimi.

CV wanazichambua vizuri. Shida iko kwenye simu. Juzi nilikaa pembeni ya mmoja wao akiongea na mteja anayetaka mhasibu. Akaandika "mhasibu, uzoefu miaka 3", akashukuru, akakata. Hakuuliza mshahara, hakuuliza aliyekuwepo aliondoka kwa nini, wala nani mwenye uamuzi wa mwisho. Tukapeleka watu wanne, wote wakakataliwa. Kumbe mteja alihitaji mtu wa kushughulikia mishahara na kodi tu. Na sisi hatulipwi mpaka mtu aajiriwe.

Kinachoniuma zaidi ni waombaji. Mtu amefanya usaili, anasubiri jibu, kijana wangu anaona aibu kumpigia kumwambia amekosa, basi anamwacha hivyo hivyo. Sitaki kabisa tuwe watu wa namna hiyo.

Kwa sasa wanasikiliza simu zangu, na jioni tunaigiza, mmoja mteja, mwingine afisa. Inasaidia kiasi, ila nami nina nafasi zangu za kujaza. Mliowahi kulea timu changa, mliwakabidhi wateja wao wenyewe baada ya muda gani? Na kabla hawajafanikisha ajira hata moja, mliwapima kwa kigezo gani? Nikihesabu simu walizopiga, naona wanakimbizana na idadi tu.