Santuri za babu: nichukue kipi kati ya hivi vitatu?

MwanaAmu
Asalaam aleikum wanajukwaa. Nataka kununua mashine ya kupigia santuri na sina budi kuamua kabla ya Jumapili, kwani muuzaji mmoja anaondoka. Njia ni tatu. Kuna ile ya sanduku inayofungwa kama begi, spika zimo ndani, Sh15,000. Kuna Audio-Technica LP60X mpya, Nairobi wamenitajia Sh32,000, spika nitafute mwenyewe. Na kuna Mtaliano pale Malindi anarudi kwao, anauza seti yake nzima: mashine, amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za redio za zamani), spika, waya na vikorokoro vyake vyote, Sh420,000, hauzi kimoja kimoja. Anasema nikichukua ile sitanunua nyingine hadi kufa kwangu. Munanishauri nini?

Malindi_Sauti
Ya tatu, usifikiri mara mbili. Mtu huyo nahisi namjua, niliwahi kusikiliza seti kama hiyo nyumba ya pili kutoka baharini. Wallahi mwimbaji alikuwa amekaa mbele yangu. Valvu zina joto ambalo transista haitalipata. Na waya wale wanene ni nusu ya kazi, wakikaa siku mia wakitumika sauti inafunguka. Nimeshika pesa nyingi nikazitoa kwa vitu vya ovyo, kwa sauti sijutii hata senti.

Fundi_Langoni
Waaleikum salaam. Yakhe MwanaAmu, umetaja bei tatu na hukutwambia utapiga nini. Santuri ni ngapi? Ni nyepesi zenye kupindika au nzito zenye kuvunjika? Zimeandikwa 33, 45 au 78, yaani mizunguko kwa dakika? Chumba chako kikoje? Na una spika zozote sasa hivi? Tukikujibu bila ya hayo tunapiga ramli.

Bi_Mkomani
Naunga mkono Fundi. Tena na hiyo bajeti, mtu hulinganishi kumi na tano na laki nne kama ni vitu vya duka moja.

MwanaAmu
Samahani. Ni santuri za babu, zimetoka darini. Nyumba ni ya mawe, Mkomani, hapa Amu (Lamu). Spika sina. Bajeti, nikijinyima, yafika laki moja na nusu, kwa ile ya Malindi ningekopa chama.

Ami_Shela
Mwanangu, kabla hujakopa nisikilize, maana mimi yalinikuta.

Mwaka 2017 nilimnunulia babangu mashine ya santuri. Alikuwa na sahani za 33 kama thelathini, na kila siku akisema hamu yake ni kumsikia tena Zein l'Abdin, mtoto wa Amu, na udi wake, kama alivyokuwa akimsikia zamani. Nikampata muuzaji Nairobi, mashine imetoka Marekani, nzuri, mbao yake yang'aa. Akanambia umeme wa kule ni 120, wetu ni 240, basi nikanunua na transfoma ya kushusha, nzito kama jiwe la nanga. Ikaja kwa basi hadi Mokowe, ikapanda boti, tukaibeba mikononi ili isitikisike juu ya punda. Tukamketisha mzee, tukaweka sahani. Akasikiliza kidogo, akasema, "Huyu siye."

Sauti ilikuwa nzito, ya kuvuta, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Nikadhani sindano imekwisha, nikanunua nyingine, elfu sita. Siye. Wakasema mkanda umelegea kwa joto, nikaagiza mkanda. Siye. Mmoja akaniuzia waya "safi" wa kuingia kwenye amplifaya, elfu nane, akaapa kwamba kasoro yote i pale. Mzee akawa hataki tena hata kuketi karibu nayo.

Mwisho fundi mmoja wa redio Mombasa akaigeuza, akasoma kibao cha nyuma: 60 Hz. Akaniuliza, "Nani aliyekwambia transfoma yabadilisha hiyo?" Mota ya namna ile haijali volti pekee, hufuata mapigo ya umeme. Marekani umeme hupiga mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Kwa hivyo sahani ya 33 ilikuwa ikizunguka chini ya mara 28 kwa dakika, na Zein akashuka sauti kama nusu-nota tatu. Akanipeleka kwa mchongaji wa vyuma, akachonga gurudumu jipya la mota, kubwa kuliko lile kwa sehemu moja ya tano. Sh2,500. Babangu akasikia, akalia. Alisikiliza miezi saba, kisha akaondoka, Mungu amrehemu. Mwaka mzima wa nyuma ulipotea kwa kununua visivyohusika.

Basi angalia nyuma ya mashine kwanza. Kama inatumia adapta ndogo ya ukutani yenye kutoa umeme wa DC, hilo halikuhusu. Ya Mtaliano nayo ikiwa ilinunuliwa kwao, umeme wao ni 50 kama wetu.

Bi_Mkomani
Mungu amrehemu mzee. Ami, umenitoa machozi.

Fundi_Langoni
Amin. Na yule aliyemuuzia Ami waya wa elfu nane ndiye ninayemsema kila siku. Malindi_Sauti, sikubaliani nawe kabisa juu ya waya, na nasema kwa hesabu. Waya wa shaba wa 2.5, ule tunaovutia soketi nyumbani, mita moja ina ukinzani wa omu 0.007 hivi. Spika iko mita tano, kwenda na kurudi ni kumi: omu 0.07. Spika yenyewe ni omu 8. Waya unakula chini ya sehemu moja katika mia. Hapo siku mia zitafungua nini? Shaba haikomai kama embe.

Mwaka 2007 James Randi, yule mwanamazingaombwe wa Marekani aliyekuwa akiwafichua matapeli, aliweka dola milioni moja kwa atakayetofautisha kwa sikio tu waya za spika za dola 7,250 na waya nyingine za bei ya kawaida. Pesa zile hakuna aliyezichukua.

MwanaAmu, mwombe Mtaliano akuandikie bei ya kila kitu.

Malindi_Sauti
Muziki hausikilizwi kwa kikokotoo, Fundi. Mimi nimekaa mbele ya seti ile, wewe hukukaa. Na mtu anayetaka santuri anataka sauti isiyokatwakatwa, si ile ya CD iliyokatwa vipande 44,100 kila sekunde.

Nahodha_Matondoni
Vipande hivyo, Malindi, vinatosha kubeba sauti hadi mapigo elfu ishirini na zaidi kwa sekunde, na sikio la mtu mzima halifiki hapo. Halafu kuna kisa cha Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani inayotoa santuri za gharama. Wapenzi wa sauti walikuwa wakizisifu kwamba zimetoka moja kwa moja kwenye kanda za asili. Mwaka 2022 ikajulikana kuwa kwa miaka mingi kati ya kanda na santuri kulipitishwa hatua ya dijitali. Walionunua wakaenda mahakamani. Wenye masikio yale makali hawakuwa wamegundua kwa kusikiliza, wamegundua kwa kuambiwa.

Malindi_Sauti
Na bado santuri zile zinapigwa vizuri kuliko za kawaida.

Nahodha_Matondoni
Hapo sikupingi. Ni kwa sababu zilitengenezwa kwa uangalifu. Uangalifu ndio wa kulipiwa.

MwanaAmu
Orodha imekuja. Spika 140,000, amplifaya 120,000, mashine 50,000, waya zote 65,000, mawe ya kuwekea na vimguu vya chini 45,000.

Fundi_Langoni
Laki moja na kumi kwa waya na mawe! Kwa pesa hizo mtu hapa Amu anapiga chokaa ukumbi mzima. Spika sibishani, spika nzuri ni nzuri na ndiyo inayobadilisha sauti kuliko kitu chochote baada ya sindano. Mwambie utachukua spika peke yake. Valvu mimi nisingeziweka nyumbani kwako: ndani mna volti mia tatu na zaidi, zinatoa joto siku nzima, na chumvi ya hewa yetu inakula soketi zake. Watoto wapo?

MwanaAmu
Wawili.

Fundi_Langoni
Basi.

Na kuhusu chumba. Kumbi zetu za kale ni ndefu na nyembamba kwa sababu ya boriti, mkoko hauvuki sana mita tatu. Ukipima upana ukapata 2.8, besi ya karibu mapigo 61 kwa sekunde itajirundika kati ya kuta mbili na kuvuma, uweke seti ya laki nne au ya elfu arobaini. Dawa ni kuweka spika upande mfupi, zitazame urefu wa chumba, na mkeka mnene chini. Kama nyuma unapoketi kuna zidaka, vile vishubaka vya ukutani, usizifunike. Ulaya watu wananunua vibao vya mbao vyenye vishimo vya kina mbalimbali ili sauti itawanyike isirudi mkupuo mmoja. Wazee wetu walichonga zidaka kwa uzuri, na kazi hiyo zinaifanya.

Bi_Mkomani
Hili la zidaka sikulijua na nimezaliwa ndani yake. Sisi tulizijaza vyombo.

Fundi_Langoni
Na vyombo ni sawa, Bi. Tena vizuri zaidi.

Mzee_Sahani
Mumeandika kurasa na kijana bado hajajibu swali la kwanza. Santuri ni za namna gani?

MwanaAmu
Kweli, Mzee, nisamehe. Nimeteremsha kifurushi leo. Ni nzito, nyeusi, mbili zimevunjika kama sahani ya chakula. Nyingi zimeandikwa 78. Chache ndogo za 45 zina lebo ya Mzuri, Mombasa.

Mzee_Sahani
Basi yote yaliyosemwa juu yanabadilika.

Hizo ndogo ni za akina Assanand, wenye duka Mombasa, plastiki ya kawaida, sindano yoyote nzuri itazipiga. Zile nzito ni za shelaki. Enzi hizo ndizo za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa. Mfereji wake ni mpana, wataka sindano ya karibu mikroni 76. Sindano ya LP, zile sahani za 33, ni kama 18. Ukiitumia itazama chini ya mfereji, itaparura uchafu na utasikia kaanga tupu. LP60X haina hata mwendo wa 78. Iondoe. Ile ya sanduku nyingi zina 78, lakini kichwa chake, pale sindano inapokaa, hukandamiza gramu tano au sita wakati kichwa kizuri hukaa kwenye mbili, na sindano ni ileile moja kwa zote. Zile za 45 itazimaliza. Tafuta LP120X, ina mwendo wa 78, na kichwa chake kinakubali sindano ya AT-VMN95SP ambayo ni ya 78 hasa. Unabadilisha sindano, unapiga 45. Na ile ya Mtaliano uliza: ina 78? Nyingi za wapenda sauti hazina.

MwanaAmu
Nimempigia sasa hivi. Haina.

Malindi_Sauti
Hilo sikulifikiria. Lakini za 45 zingelia vizuri sana pale.

Kijana_Kizingitini
Kaka, kabla ya chochote zisafishe. Pamba na spiriti, ukungu wote unatoka, mimi nilisafishia CD.

Mzee_Sahani
LA! Usithubutu! Shelaki ni ile lakiri ya wadudu ambayo maseremala huiyeyusha kwa spiriti wakapigia polishi milango. Ukiipaka spiriti unaiyeyusha nyimbo. Maji safi ya vuguvugu, tone la sabuni laini, brashi laini kufuata mfereji, lebo isipate maji, usiziloweke, kisha zisimamishe kivulini zikauke. Jua la saa sita litazipinda.

Kijana_Kizingitini
Nimefahamu, Mzee. Sikujua.

Ami_Shela
Fundi wangu wa mbao alisoma hapa pembeni yangu akashtuka pia.

MwanaAmu
Kuna jambo jingine. Darini pia kuna gramafoni ya babu ya kutia ufunguo, ina pembe. Bado yazunguka. Nijaribu moja tu leo usiku?

Mzee_Sahani
Usijaribu. Kichwa cha zile chapita gramu mia, na sindano ya chuma ni ya kupigia upande mmoja wa sahani, ukimaliza unatupa. Sindano ya kutu iliyokaa darini itachimba.

Bi_Mkomani
Zimeandikwa majina ya waimbaji?

MwanaAmu
Baadhi. Nne lebo zimeliwa na wadudu. Moja ina mwandiko wa babu kwa kalamu ya risasi, herufi za Kiarabu, "Mama".

Bi_Mkomani
Subhanallah. Bibiyo alikuwa akiimba kwenye harusi, mamangu husimulia. Sijui kama aliwahi kurekodiwa. Mama ana miaka themanini na nne na sauti ya mtu haisahau.

MwanaAmu
Nyumbani hakuna aliyewahi kunambia haya.

Fundi_Langoni
Mimi nina mashine kuukuu ya 78 na sindano yake ni ya kipimo sawa, nilikuwa nikitengenezea watu. Ije Jumamosi kwako, bure, uirudishe ukinunua yako.

Nahodha_Matondoni
Mimi navuka Jumamosi asubuhi. Nitaleta kinasa sauti, ikipigwa mara moja iwe imehifadhiwa.

Bi_Mkomani
Basi iwe baada ya alasiri, nije na mama, anatembea polepole. Usiipige kabla hajafika.

Malindi_Sauti
Na spika? MwanaAmu, zile spika za laki na arobaini umwambie nini?