40x au 160x? Heroe wanatoka kama wamepakwa rangi

Mkaazi_wa_Naks: Wadau, kamera yangu ni ile ndogo ya mfukoni, megapikseli 20. Kwenye lenzi pameandikwa 4.3–172mm, boksi linasema 24–960mm, kisha 40x na 160x. Nikivuta mpaka mwisho pale Ziwa Nakuru, heroe wanatoka kama doa la waridi lililopakwa kwa brashi. Lenzi mbovu, ama?

Lenzi_Ndefu: Lenzi haina shida. Gawanya 172 kwa 4.3, unapata 40. Hiyo ndiyo zumu ya kioo. Hiyo 24–960 ni upana ule ule wa picha kwa lugha ya filamu ya 35mm, kwa kuwa sensa yako (kile kipande kinachopokea picha) ni ndogo. 40x ni tofauti kati ya mwanzo na mwisho wa lenzi, haimaanishi ndege anasogea mara 40. Lenzi ya 100–400mm ni 4x tu, na bado inafika mbali kuliko ya 24–120 yenye 5x.

160x ni kazi ya kompyuta: 40 mara 4. Kamera inakata kipande cha katikati, robo ya upana kwa robo ya urefu, yaani 1/16 ya sensa. Katika zile 20 unabaki na megapikseli 1 na ushee, halafu inajazia pikseli kwa kukisia. Hapo ndipo manyoya yanapogeuka rangi ya maji. Ingia menyu ya kupigia picha, zima zumu ya dijitali. Ukitaka kukata, kata nyumbani, utajichagulia fremu.

Mkaazi_wa_Naks: Nimezima. Afadhali, lakini kwa 40x bado kuna ukungu na chenga (vidoadoa).

Dunga_Ufukweni: Chenga ni za mwanga. Soma tena ukingo wa lenzi: kamera za aina hiyo huanza f/3.3 na kuishia karibu f/6.9 (namba ikipanda, mwanga unaoingia unapungua). Ukivuta hadi mwisho unabaki na kama robo ya mwanga, basi kamera inapandisha ISO, yaani inakuza mwanga huo mdogo, na chenga zinatokea. Rudi nyuma kidogo, hata 30x, uone tofauti.

Ukungu una vyanzo viwili. Mkono kwanza: kwa 960mm bila kitulizaji cha mtikisiko, shata (muda wa kupokea mwanga) iwe sekunde 1/1000. Kitulizaji kikiwashwa, ndege aliyesimama unaweza kumpata kwa 1/250, lakini kinatuliza mkono wako, hakimtulizi ndege. Akiruka, rudi 1/1000. Ukiwa ndani ya gari, zima injini, laza kamera juu ya mfuko wa mchele dirishani, weka taima ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise.

Cha pili ni joto. Saa sita mchana hewa juu ya maji na matope inacheza, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoipenya. Piga fremu kumi mfululizo: kama umbo la ndege linajikunja tofauti kila fremu, hiyo ni hewa. Nenda asubuhi kabla ya saa tatu, ama sogea karibu.

Mkaazi_wa_Naks: Zinajikunja kweli. Nilipiga saa saba.