Tupeane uzoefu: kufundisha kuongea Kiingereza kwa kupanga safari

Walimu habari zenu. Hili zoezi la kupanga safari kwenye somo la kuongea, tupeane uzoefu wa ukweli, si ule wa semina. Naanza mimi. Nina darasa la jioni hapa Eastleigh, Nairobi, watu wazima 14, wengi wana biashara zao, kusoma Kiingereza wanasoma tu lakini mwambie mtu aongee uone anavyoangalia viatu. Mara ya kwanza nikawaambia pangeni safari ya Mombasa. Dakika tano wamemaliza, "We go by bus. Finish." Kosa langu, sikuwapa kitu cha kubishania. Wiki iliyofuata nikagawa makaratasi, mmoja ana nauli za treni ya SGR (ikonomi 1,500, fasti klasi 4,500, zilipanda 2024), mwingine saa za kuondoka, mwingine bei za basi, mwingine za vyumba, hakuna kuchungulia karatasi ya mwenzako, lazima uulize, na bajeti ni elfu kumi kwa mtu. Hapo sasa! Kuna mama muuza vitambaa, tangu tuanze hajafungua mdomo, kusikia mtu anataka fasti klasi akasimama: "Four thousand five hundred? For sitting?" Tulicheka mpaka mlinzi akaja.

Mwalimu wa Kayole: Wangu ni Wakongomani, shida yao si kunyamaza, ni kurukia Kifaransa. Shida yangu nayo ni kiherehere cha kusahihisha, mtu akisema "I am agree" nishamkata, na akishakatwa mara mbili harudi. Siku hizi naandika kwa kidaftari kimya kimya, dakika kumi za mwisho naweka makosa ubaoni bila kusema ya nani. Wenyewe wanajuana na kuchekana.

Tisha JSS (sekondari ya chini): Sisi tuko na watoto 60 na kitu kwa darasa moja jameni, kelele mpaka naibu akaja dirishani. Niliwapa mbuga ya Hell's Gate, baiskeli na nini, wengi hata Naivasha hawajafika so wakawa wanabuni tu. Kijana mmoja akaniuliza, tisha naeza panga ya ushago? Nikasema panga. Wacha aeleze vile Disemba nauli ya Busia inapanda pale stendi ya Machakos Kantri Bas hapa Nairobi, vile gunia linalipiwa kivyake, vile unamwambia makanga mtoto atakaa kwa magoti. Kwa Kiingereza! Hakuna siku ameongea hivyo.

Wa South B: Kwangu liligoma. Wawili wanaongea, wanane wanakula mandazi.

Mwenye uzi: @Wa South B kundi la kumi ni kubwa mno, weka wanne wanne. Halafu yule kimya zaidi mpe pesa ashike, hakuna kulipa kitu kabla ya kumuuliza na lazima aseme sababu akikataa. Mimi nilimpa yule mama. Wiki ijayo tunapanga Lamu, basi mpaka Mokowe halafu boti, na tayari ameuliza kama boti ina bei ya kurudi.