Mjadala: Vinasa sauti vya kusaka droni, ni ngao ya raia au sikio la serikali?

Wakuu, tangu Port Sudan ishambuliwe kwa droni Mei 2025, wengi wanashikilia kwamba nchi maskini haina ulinzi bila rada za mabilioni. Napinga.

Tazameni Ukraini. Shahed, droni za kujilipua ambazo Urusi huwarushia, hupita chini, nyuma ya vilima, rada isikoona. Lakini injini yake inapiga kelele kama bodaboda iliyotoboka ekzosi. Waukraini wakafunga maikrofoni na simu juu ya nguzo nchi nzima, mtandao wakauita Sky Fortress. Mwaka 2024 Jenerali James Hecker wa jeshi la anga la Marekani alisema vinasa hivyo vinakaribia 10,000, kimoja dola 400 hadi 500. Mlio mmoja ukifika nguzo tatu nne kwa nyakati zinazopishana kidogo tu, kompyuta inapiga hesabu droni iko wapi na inaelekea wapi. Vijana wenye bunduki za rashasha juu ya pikapu wanaiona kwenye tableti na kuisubiri njiani.

Msiniletee yale masikio ya zege ya Uingereza kule Denge, kuta kubwa zilizojengwa kunasa mlio wa ndege kutoka mbali, yaliyoachwa rada ilipoingia miaka ya 1930. Yale yalikuwa machache, na ndege ziliongezeka kasi hadi onyo likawa halina maana. Shahed inakwenda kama kilomita 180 kwa saa. Sauti huchukua sekunde 15 hivi kukata kilomita 5. Humo droni imesogea mita 750 tu. Nguzo zikiwa nyingi, hilo linafidiwa.

Nakubali hili: mwaka 2025 Warusi walianza kuzipitisha Shahed juu zaidi, kilomita 2 na kuendelea, risasi za rashasha zisikofika. Huko rada haikwepeki. Na droni ndogo za betri hazina mlio wa kusikika mbali, hasa mjini.

Kinachonikosesha raha ni kingine. Maikrofoni inayosikia injini inasikia pia watu wanaoongea barazani, na tunazijua serikali zetu zinavyopenda kujua nani kasema nini. Kwa hiyo sheria itangulie nguzo: kifaa kichambue mlio palepale, kitume taarifa ya droni tu, rekodi isihifadhiwe wala kutumwa, na wataalamu wasio wa serikali waruhusiwe kukifungua wakikague. Bila hayo, hata mimi nitasimama upande wa wanaopinga.

Anayetaka rada peke yake atueleze: kijiji kilicho bondeni kitapata onyo kutoka wapi?