Harusi ya mtaani Ngamiani na hizi kadi za elfu 50, wenzetu mnafanyaje?

mwana_ngamiani

Habari za saa hizi wakuu. Dada yangu anaolewa mfungo mosi inshaallah. Sisi ni watu wa Ngamiani hapa Tanga, zile barabara za namba, bwana harusi ni Mpare wa Ugweno kakulia Dar, Muislamu mwenzetu, kijana mstaarabu hana shida yoyote. Shida imeanza kwenye kikao cha kwanza cha pande mbili. Wenzetu wamekuja na bajeti imechapwa kabisa, ukumbi, mapambo, MC, keki, gari la maharusi, kamera na droni juu, halafu chini wameandika single elfu 50, double laki moja, mchango usipokamilika kadi hupati na bila kadi mlangoni hupiti. Na wanataka na sisi huku tufanye sendofu ya mtindo huo huo wiki moja kabla, tumeshaundiwa hadi grupu la WhatsApp na mweka hazina kateuliwa.

Mama kasikiliza mpaka mwisho akauliza kitu kimoja tu, "na majirani zangu je?" Hakuna aliyemjibu.

Sasa wale wasioelewa niwaambie. Mama yangu tangu tuko wadogo shughuli ikiwa ya mtu mtaani anatoka na mbuzi yake kwapani kwenda kukuna nazi, harudi mpaka usiku. Kuna akina mama wenzake elfu 50 ya kumpa mtu hawana na hawajawahi kuwa nayo, lakini turubai likifungwa tu ndo wa kwanza kufika, wanakaa mkekani wanachambua mchele, wanamenya vitunguu thaumu huku wanasengenya, wanaume wako nyuma ya nyumba na kuni na masufuria ya pilau mpaka alfajiri. Hao ndo waliotuzikia baba. Leo niwatumie meseji ya "tunaomba ukamilishe ahadi yako kabla ya tarehe fulani"? Mimi siwezi, na upande wa pili nao siwalaumu maana kwao ndo kawaida, sijui nisimame wapi. Waliooa au kuozesha karibuni naombeni mniambie mmefanyaje.

Mzee wa Vikao

Mkuu pole ila acha nikwambie ukweli, kadi mnazionea bure. Kabla ya kamati harusi ilikuwa inamfilisi mtu mmoja, baba anauza kiwanja watu wanakula pilau siku mbili wanaondoka wanasema nyama haikuiva. Kamati imegawa ule mzigo, mtu mia wakitoa elfu hamsini hamsini ni milioni tano hiyo na hakuna aliyekufa. Mi niko Dar nimekaa kwenye vikao vingi na siku hizi kazi imekuwa rahisi, ahadi zinaandikwa kwenye grupu, hela inaingia kwa simu, kila asubuhi mweka hazina anabandika orodha nani katoa nani bado. Ile orodha ndo dawa, hakuna anayependa jina lake likae na sifuri wiki nzima mbele ya mashemeji.

Na usinidanganye huko mtaani hamchangishani. Sare je? Shughuli moja mwanamke anatakiwa dera la kesha, kitenge cha siku yenyewe na mtandio wa rangi tatu, piga hesabu hapo utakuta imeshapita hiyo elfu 50. Na lile daftari linalokaa kwa shoga wa bi harusi, fulani katunza doti ya kanga na seti ya glasi, siku yake ikifika lazima umrudishie na cha juu? Huo nao ni mchango, umefichwa tu kwenye vigelegele.

Bi Mkubwa Makorora

Mwanangu mwana_ngamiani, nakujibu kama mtu aliyewacheza wali wengi, hao mabinti wa kufundwa, hapa mjini. Huyo wa vikao kasema kweli kwenye sare, sare zimekuwa balaa na sisi wenyewe akina mama ndo tumezipandisha, zamani kanga moja inatosha na ikawa imekwisha. Taarabu nayo enzi za vikundi vyetu vya Tanga, Black Star na Lucky Star, bi Shakila anaimba, watu wamekaa kwenye viti wametulia na asumini zao wanasikiliza maneno, mtu anainuka anatunza kwa adabu anarudi kukaa. Siku hizi ni spika mbili na kigodoro mpaka majirani wagonjwa hawalali.

Ila hiyo sendofu mbona inakutesa? Kwa wenzetu wa bara, hasa Wakristo, sherehe kubwa inafanywa na upande wa mume, basi wazazi wa binti wakaona nao wapate siku yao ya kumuaga mtoto. Ina maana yake kwao. Sisi pwani nikaha inasomwa kwa mwanamke, bwana harusi ndo anakuja na watu wake kwa ngoma na kasida, anaozeshwa, analipia kufunguliwa mlango ndo amwone mkewe, wageni wanakula kwetu. Hiyo ndo siku ya kwetu tayari. Ukifanya na sendofu unamuaga mtoto mara mbili na gharama mara mbili, kwa lipi?

Waambie wakwe kwa upole tu, nyie fanyeni la ukumbini Dar, nikaha na walima, karamu yenyewe ya ndoa, viko huku. Ya kilemba cha baba (atapokea baba mdogo), mkaja wa mama, hizo zawadi za wazazi, na mahari yasizungumzwe kwenye grupu la simu, hayo yana watu wake. Mahari ni haki ya binti, anataja mwenyewe. Nimeona juzi mtu kaandika mahari ya mwanawe status, nikasema dunia imekwisha.

Halafu huyo binti ana somo, yule mama wa kumfunda? Maana na yale mengine tusije kuyasahau kwa kukimbizana na keki. Hizi kichenpati mnazofanya anapewa sufuria na blenda halafu MC anamfundisha ndoa kwenye maiki mbele ya watu mia tatu. Mambo ya ndani hayafundishwi kwa maiki mwanangu.

dunda_boy

Niko Bagamoyo, kwetu tulikutana na hiyo hiyo mwaka jana kwa mdogo wangu wa kike. Tulifanya yote mawili, mtaani na ukumbini. Mtaani ilikuwa safi, ngoma ya mdundiko imetoka Magomeni ya hapa hapa Bagamoyo imezunguka wee watoto nyuma kama kawaida mpaka kuna mama anatafuta mwanawe saa mbili usiku. Balaa likawa ukumbini. Shangazi yetu mkubwa, yule aliyemlea bibi harusi, kavaa amependeza kafika mlangoni kijana wa ulinzi anamwambia mama jina lako halimo kwenye orodha. Kumbe kadi yake ilitumwa kwa njia ya simu kwenye namba ya mtoto wake, mtoto hakumwambia. Kakaa nje kwenye ngazi karibu saa nzima na pochi yake mapajani, sisi ndani tunakata keki hatuna habari. Mpaka leo akiona mtu anatoa simu kupiga picha anauliza "hiyo nayo ina kadi?"

Kwa hiyo ushauri wangu, wazee wote wa ukoo wasiguswe na mambo ya kadi, wekeni mtu wa nyumbani mlangoni anayejua sura za watu, asiwe kijana wa kukodi. Na huko mtaani tulifungua daftari la vitu badala ya hela: huyu kilo kumi za mchele, huyu nazi ishirini, huyu kuni, huyu katoa turubai lake bure, asiyekuwa na kitu kaandikwa kazi. Mwisho wa siku tulinunua nyama, mafuta na viungo tu.

kapuku_og

Mi nimesoma hiyo bajeti nikaishia kwenye droni. Ndo maana vijana tunajiendea na sogea tukae zetu, binti analeta begi moja, mwezi wa pili analeta na sufuria, tayari mke.

mtu_wa_sheria

kapuku, cheka lakini ujue hiyo sogea tukae nayo ina sheria yake. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi kwa namna ambayo watu wanawajua kama mke na mume, inadhaniwa walioana kihalali mpaka mtu athibitishe kinyume. Mahakama ikiona hiyo dhana haisimami, bado inaweza kutoa amri ya matunzo ya mwanamke na watoto. Usije kushangaa siku unamfungashia lile begi.

Kwa mleta mada, katika hizo bajeti zote sijaona mtu katenga muda wa cheti. Hakikisheni shehe anayeozesha ana leseni ya kufungisha ndoa na fomu zinasainiwa siku hiyo hiyo na mashahidi, na sheria inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla. Watu wanatumia mamilioni kwenye mapambo halafu miaka mitano mbele mtu anataka kumuingiza mwenza kwenye bima ya afya au kufungua mirathi, anaulizwa cheti anaanza kumtafuta shehe aliyehama mji. Kuhusu mahari, kutolipwa au kuchelewa hakuvunji ndoa kisheria, hivyo mjomba yeyote asiwatishe.

Na hili la wasichana wa sasa kusoma kwanza nasikia kila siku, kwa mjini sawa. Ila ule utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake wa miaka 20 mpaka 24 asilimia 31 waliolewa au kuanza kuishi na mwanamume kabla ya miaka 18. Sheria ya 1971 ilikuwa inaruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, Mahakama Kuu ikasema 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Hao wa asilimia 31 wengi wala hawakufika kwenye ukumbi wenye droni.

Mzee wa Vikao

Bi Mkubwa nimekubali hoja ya kumuaga mara mbili, hiyo sikuwahi kuifikiria. Ila mkuu kaa na hao Wapare vizuri, hesabu wanazijua, ukiwaonesha sendofu ikifutwa wanaokoa kiasi gani watakuwa wa kwanza kuunga mkono, hahaha.

mwana_ngamiani

Wakuu ahsanteni sana, Bi Mkubwa shikamoo mama. Nimempigia shemeji jana nikamweleza lile la nikaha kusomwa kwetu, kaelewa kuliko nilivyotegemea, anasema hata yeye sendofu ilikuwa presha ya dada zake. Kwa hiyo ya ukumbi wanabaki nayo Dar kwa kadi zao, huku nikaha msikitini baada ya alasiri, walima mtaani, na kibali cha turubai nafuata kwa mwenyekiti wa mtaa wiki hii. Daftari la vitu la dunda_boy mama kalipenda, kaanza na jina lake mwenyewe, nazi mia. Fomu za ndoa nimemkabidhi baba mdogo. Somo lipo, ni mama mmoja wa Chumbageni.

Kilichobaki ni sare. Mama anataka kanga moja basi, mashangazi kutoka Pangani washaamua madera ya zambarau na wameshalipia nusu dukani bila kumuuliza mtu, na mmoja kanitumia namba ya kulipia. Mwenye mbinu ya kuongea na mashangazi aje inbox.